Anayeuliza Kabla ya Kuuza

"Dokta, nipe kapsuli za rangi mbili, za elfu moja." Maneno haya utayasikia Nachingwea, utayasikia Ruangwa, na anayeyasema anaamini anaongea na mwenye duka tu, ila huyu kavaa koti jeupe.

Huyo dokta si daktari, na mara nyingi hata mfamasia siye. Ni mtoa dawa wa duka la dawa muhimu, maduka yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003 na kuchukua nafasi ya yale ya dawa baridi. Kazi hiyo kaisomea kwa wiki chache, juu ya uuguzi au utabibu aliokuja nao. Mfamasia hukaa chuo kikuu miaka minne, kisha mwaka mzima wa mazoezi. Huku kwetu utamkuta zaidi hospitali ya wilaya, na huko nako tunamwonea: dawa zikikosekana, kaziuza. Wapo wanaoiba, siwatetei. Lakini maombi yake yanakwenda Bohari ya Dawa, kanda ya Mtwara, na kisichokuwepo ghalani hakitoki dirishani hata ukigomba.

Kazi yenyewe, dukani au hospitalini, hasa iko mdomoni. Chukua dawa mseto ya malaria. Mtu mzima hupewa vidonge 24: vinne kwa mkupuo, mikupuo sita, siku tatu. Mkupuo wa pili ni baada ya masaa manane, usingoje kesho asubuhi. Tena umeze na chakula chenye mafuta, maana bila mafuta sehemu kubwa ya dawa hupita tumboni bila kuingia mwilini. (Nachingwea, ambako Waingereza walikuja kulima karanga miaka ya 1940, hatuwezi kukosa konzi moja.) Maelezo hayo ndiyo tunayoyakatisha: "Najua, nifungie." Homa ikishuka siku ya pili, vidonge vilivyobaki vinawekwa vimngoje mtoto.

Shangazi yangu aliwahi kuomba diklofenaki ya magoti. Binti wa dukani akamwamkia, akamuuliza kama anatumia dawa za presha. Anatumia. Akaambiwa hiyo inaweza kuipandisha presha, bora arudi kliniki kwanza. Shangazi akatoka amenuna: pesa yangu mwenyewe, maswali ya nini? Akavuka barabara, akapewa bila kuulizwa hata jina. Mpaka leo anatuambia twende lile duka la pili, wana huduma nzuri.