Huruma kwa Kazi ya Zamani

Mtu wa kalamu huwa mwepesi wa kusamehe makosa ya wengine na mzito wa kusamehe yake mwenyewe. Akikutana na insha aliyoitunga ujanani, huona haya, huikunja karatasi, na pengine huitia motoni. Hudhani kuwa ametenda haki. Swali ni hili: ukali wa namna hiyo ni ukweli, au ni dhuluma iliyovaa nguo za ukweli?

Milima ya Upare ina la kusema juu ya swali hilo. Mji wa Same umekaa chini, mahali pakavu ambapo mvua ni haba. Katika nchi hii watu wa kale walijenga ndiva, mabwawa madogo ya kukusanya maji ya vijito usiku, yapate kufunguliwa mchana kwenda mashambani. Ndiva huingia tope. Tope hilo si aibu ya mjenzi. Ni kazi ya mvua na miaka. Watu huitana kwa msaragambo, kazi ya pamoja, wakalizoa. Mwenye akili habomoi ukuta kwa kuchukia tope, wala haachi tope kwa kupenda ukuta.

Mwana wa milima hiyo, Isaria Kimambo, alifanya jambo la namna hiyo kwa kalamu. Mwaka 1969 alitoa kitabu cha historia ya siasa ya Wapare hadi 1900. Mwaka 1971 aliandika juu ya mbiru, kodi iliyowafanya maelfu ya Wapare wakusanyike Same Januari 1945 kuipinga. Baadaye historia ya kizazi chake ililaumiwa kwa kutazama mno siasa na kuupuuza uchumi. Miongoni mwa waliolaumu alikuwa Arnold Temu, aliyehariri pamoja na Kimambo historia ya Tanzania ya mwaka 1969. Lawama yake, aliyoiandika pamoja na Bonaventure Swai, ilitoka mwaka 1981. Mwaka 1991 Kimambo aliirudia nchi ile ile kwa swali jingine: uchumi wa dunia uliwatenda nini Wapare toka 1860 hadi 1960? Mbiru ikaelezwa tena. Kitabu cha kwanza hakikuchomwa, kilipata mwenzake.

Hapa pana hoja ya haki. Kijana aliyeandika zamani hayupo tena kujitetea. Aliandika kwa mwanga aliokuwa nao, na mwanga wa leo haukuwa wake. Baraza la wazee lenye heshima halimhukumu mtu asiyekuwapo, wala halimpi mshtaki kiti cha hakimu. Basi kwa nini mtu awe mshtaki na hakimu katika shauri ambalo mshtakiwa ni yeye mwenyewe wa jana?

Maumivu nayo yana haki yao. Moyo ukiuma mbele ya kazi ya zamani, maumivu hayo ni shahidi: yanasema kwamba jicho limekua kuliko lilivyokuwa. Mtu anayejidharau kwa sababu ameumia humpiga shahidi kwa kusema kweli, na jeraha moja huwa mawili.

Yamkini mtu atasema kwamba upole huzaa uvivu. Ni kweli, iwapo upole ni kufumba macho. Walakini anayefumba macho hakuihurumia kazi yake. Ameitelekeza, kama mwenye ndiva asiyetaka kutazama tope. Huruma ya kweli hutazama kosa, hulitaja kwa jina, kisha hukaa karibu na jembe mkononi. Ukali nao hujivuna kwa ujasiri, lakini mara nyingi ni njia fupi ya kukimbia: kuchoma huchukua dakika moja, na kutengeneza huchukua miaka.

Aliyejifunza kujitendea hivyo haandiki vibaya zaidi. Huandika bila ya kuogopa kwamba kesho yake mwenyewe atakuwa adui.