Deni kwa udongo wa Masisi na Walikale

Koltani ya Rubaya, katika wilaya ya Masisi, Kivu ya Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, huishia ndani ya simu duniani kote. Katika msitu wa Walikale, mgodi wa Bisie hutoa takribani 6% ya bati ya dunia. Juu ya utajiri huo huo mtoto hula fufu akashiba, na bado damu yake ikapungua. Utafiti wa kitaifa wa 2013–2014 ulikuta upungufu wa damu kwa watoto 6 katika kila 10 wa Kongo walio chini ya miaka 5. Malaria inachangia, mlo usio na chuma cha kutosha nao unachangia.

Je, mtoto huyo amelishwa?

Waumini wa Kivu huyapokea mavuno kama riziki ya Mungu, na wana haki ya kushukuru. Lakini Kitabu cha Mwanzo kinamweka mwanadamu bustanini ailime na kuitunza, na hawezi kutunza asichokijua. Mwaka 1961 daktari Ananda Prasad aliandika kuhusu vijana wa Iran waliodumaa ilhali mkate haukukosekana. Baadaye ilidhihirika kwamba walipungukiwa zinki. Mwaka 1966 mtaalamu Y. L. Nene alionyesha kule India kwamba mpunga wa majaruba ulidhoofika kwa kukosa zinki hiyo hiyo: maji yakituama, zinki hufungika udongoni, mizizi isiipate. Salfeti ya zinki iliuponya.

Tangu hapo, anayejua dawa na kuizuia ana deni. Finland iliamua mwaka 1984 mbolea za nchi nzima ziongezwe seleni, kirutubishi kingine, ikamfikia tajiri na maskini bila yeyote kuomba. Hiyo ndiyo haki.

Masisi haiwezi kuiga njia hiyo kesho. Waasi wa M23 waliiteka Rubaya mwaka 2024, na mkulima anayekimbia na godoro kichwani hanunui mbolea. Mbegu, hata hivyo, hubebeka. Mwaka 2013, wasichana wa chuo huko Huye, Rwanda, walilishwa maharage yenye chuma kingi, na hali yao ya chuma mwilini ikaimarika. INERA, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kongo, imeshiriki kuyafikisha maharage ya aina hiyo kwa wakulima.

Nani alipe? Wanaofaidika na madini, pamoja na serikali inayoyatoza kodi, wanadaiwa kwanza. Makanisa nayo, yenye shule na vituo vya afya hadi vijijini, yanaweza kutenga sehemu ya sadaka ya mavuno iwe akiba ya mbegu hizo, zigawiwe familia zinazorudi mashambani kabla ya mvua za Septemba.