Ushahidi wa Maumivu

Anayedai fidia mahakamani kwa ajali hudai mambo mawili kwa pamoja: kwamba aliumia, na kwamba aliumia sana. La kwanza huthibitika mapema. La pili ndilo fumbo, kwa sababu maumivu hukaa ndani ya mwili wa mtu mmoja, na mahakama haipimi ila kile kinachoweza kuonekana na zaidi ya mmoja. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Methali hii huchukuliwa kuwa lawama kwa wasio na huruma, lakini ndani yake mna swali zito: asiyeubeba mzigo ataujuaje uzito wake?

Mafinga, nchini Tanzania, inalijua swali hili kwa karibu. Mji umekaa kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, na tarehe 11 Machi 2015, pale Changarawe, kontena la lori liliangukia basi la abiria. Watu zaidi ya 40 wakafa. Kifo hakimtaki mtu athibitishe ukubwa wake. Anayebaki hai na mgongo mbovu ndiye anayetakiwa kueleza. Nje ya barabara kuna msitu wa kupandwa wa Sao Hill na mashine za kupasulia mbao, ambako msumeno humaliza kidole kabla mwenyewe hajashtuka.

Ushahidi huanza na fomu ya polisi namba 3, maarufu kama PF3. Askari huandika jina na tukio, daktari huandika alichokikuta mwilini. Baadaye hufuata picha ya eksirei. Picha huonyesha mfupa ulipokatika. Haionyeshi usiku wa mtu asiyeweza kujigeuza kitandani. Hata Kanuni ya Adhabu, inapoeleza madhara makubwa, hutaja kiungo, hisi, sura na afya iliyoharibika vibaya au kwa kudumu. Maumivu yenyewe hayatajwi.

Katika kesi ya madai, mdai hushinda akionyesha kuwa maneno yake yana uwezekano mkubwa wa kuwa kweli kuliko ya mwenzake. Fedha alizotumia lazima azitaje na kuzithibitisha moja moja. Mahakama ya Rufani ililisisitiza hilo mwaka 1992. Mateso, kwa upande mwingine, huingia katika fidia ya jumla, ambayo hakimu huikadiria kwa busara yake. Bandeji inadaiwa risiti, miaka kumi ya kuchechemea haidaiwi. Huo si uzembe wa sheria. Ni sheria kukiri kwamba haina jiwe la kupimia kitu hicho.

Dini zilikutana na ugumu huohuo zamani. Fikihi ya Kiislamu iliweka viwango: diya kamili ya uhai ni ngamia 100, jicho moja 50, kidole 10, jeraha la kichwani au usoni linalofichua mfupa 5. Hakuna anayeulizwa iliuma kiasi gani, na hapo pana heshima yake, maana kidole cha maskini na cha tajiri kina thamani moja. Kwa majeraha yasiyo na kiwango, mafakihi walikisia majeruhi angeuzwa kwa bei gani kama angekuwa mtumwa, mzima na kisha na kilema chake, wakatazama tofauti. Mishna ya Wayahudi ilitumia soko hilohilo kupima kiungo, lakini ikaongeza mafungu mengine: maumivu, matibabu, siku za kazi zilizopotea na aibu. Kuyatenga maumivu yawe fungu linalojitegemea ni hatua kubwa ya kimaadili. Kipimo cha soko kinamwona mtu kama nguvu kazi tu.

Kipimo hicho hakijafa. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, ambayo mfuko wake ulianza kazi Julai 2015, huugeuza ulemavu kuwa asilimia kwa jedwali: usiozidi 30 hulipwa kwa mkupuo, unaozidi hapo hulipwa pensheni ya kila mwezi. Jedwali ni la lazima, la sivyo kila dai lingekuwa vita. Hata hivyo jedwali huanza na kiungo, si na mwenye kiungo.

Kuna mahali ambapo neno la majeruhi hutosha. Aliyevunjika nyonga anaswali akiwa ameketi kwenye kiti, na hakuna sheikh anayemdai PF3. Mgonjwa kanisani habanwi apige magoti. Ibada humwamini kwa kuwa anayeabudiwa anajua. Mahakama haina elimu hiyo, na fedha inazoamuru zilipwe ni za mtu mwingine, mwenye haki ya kutodanganywa.

Lakini maumivu hayajafungiwa ndani kabisa. Mwanafalsafa Ludwig Wittgenstein, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1953, alionyesha kwamba maneno ya maumivu hufunzwa miongoni mwa watu: mtoto huanguka, hulia, wakubwa humpa neno. Kiswahili kina akiba kubwa ya maneno hayo. Kiuno kinakata, kidonda kinachoma, mguu unawanga, vidole vimekufa ganzi. Hakuna mawili yaliyo sawa. Tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama kwa mujibu wa sheria, kwa hiyo neno la majeruhi laweza kubaki kwenye kumbukumbu kama alivyolitamka.

Ushahidi wenye nguvu kuliko yote ni mabadiliko ya maisha, na mashahidi wake ni watu wa karibu. Kibarua aliyekuwa akishika upande wa pili wa ubao anajua kwamba mwenzake aliinua gogo peke yake, na kwamba sasa amewekwa kupanga mabanzi akiwa ameketi. Mkewe anajua nani huchota maji siku hizi. Daktari ni mtaalamu, na maoni yake hayamfungi hakimu. Watu hawa wanajua pengo lenyewe.

Linabaki suala la wakati. Madai ya namna hii hufunguliwa ndani ya miaka 3, na hukumu hukadiria mara moja mateso ambayo hayajafika. Mfupa uliounga vibaya waweza kunyamaza Oktoba, kesi inaposikilizwa, kisha ukaanza kuwanga Juni, baridi ya Mafinga inaposhuka na mwenye mguu akalala karibu na jiko la mkaa.