Atembeaye Juu ya Kamba

Katika Kilatini mna neno funambulus, lililoungwa kwa maneno mawili: funis, yaani kamba, na ambulare, yaani kutembea. Basi funambulus ni mtu atembeaye juu ya kamba iliyokazwa hewani, watu wakimtazama kutoka chini. Waitalia, Wafaransa na Waingereza wamelirithi neno hili, nalo limepata maana mbili. Ya kwanza ni ya mchezaji mwenyewe. Ya pili ni ya mtu apitaye katika mambo magumu pasipo kuanguka. Na Waitalia hasa humwita hivyo mtu wa siasa ajuaye kujiponya kwa werevu. Twauliza: je, maana hii ya pili ni sifa au ni lawama?

Mchezo huu ni wa kale. Mwaka 165 kabla ya Kristo, mtungaji Terentius alionyesha Roma mchezo wake juu ya mama mkwe, lakini watu hawakuusikiliza, kwani fikira zao zilikuwa zimetekwa na habari za mtembea kamba. Kaisari Marcus Aurelius, aliyetawala tangu 161 hata 180, husimuliwa kuwa aliamuru magodoro yatandikwe chini ya kamba, baada ya watoto wa mchezo huo kuanguka. Naye Tertullianus wa Karthago, katika kitabu chake juu ya usafi wa mwili, alilitupa neno hili kwa mpinzani wake kwa kumdhihaki. Hivyo tangu zamani limekuwa na ncha mbili: watu wamstaajabia mchezaji, nao wamcheka afananishwaye naye.

Lakini na tumtazame mchezaji mwenyewe. Tarehe 30 Juni 1859 Mfaransa aitwaye Blondin alivuka bonde la mto Niagara, mpakani mwa Marekani na Kanada, juu ya kamba iliyopita futi 1,000 kwa urefu. Mikononi alishika mti mrefu. Kazi ya mti ule ni kuuchelewesha mwili usipinduke upesi, ili mwenyewe apate nafasi ya kujirudi. Maana mtembea kamba hasimami wima kama nguzo. Kila hatua huegemea kidogo kuume, kisha kidogo kushoto, na macho yake yakazwa mbele. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule alivuka tena, naye amemchukua mgongoni meneja wake, Harry Colcord.

Twaona hapa mambo mawili. Kwanza, kamba ina mwisho. Mtu haegemei kuume ili awapendeze walio kuume, bali apate kufika ng'ambo. Pili, akianguka, aanguka yeye mwenyewe. Na akimbeba mwenziwe, waanguka pamoja.

Sasa tumfikiri mzee aliyeitwa kuamua neno la mpaka wa shamba, kati ya mjane na shemeji yake. Asubuhi amwambia mjane, “Haki ni yako, mama.” Jioni anywa uji kwa shemeji na kusema, “Shamba ni la ukoo wenu, ndugu yangu.” Miezi yapita, wote wawili wamsifu kwa upole wake, na kila msimu wa kulima jembe la shemeji lasogea mbele hatua chache. Mzee huyu hakuanguka. Aliyeanguka ni mjane. Mtu wa namna hii asifananishwe na mtembea kamba. Kiswahili kina jina lake tayari, ndumakuwili.

Mtu atasema, “Je, mpatanishi hana ruhusa ya kunyamaza, wala ya kusema polepole?” Anayo, tena yampasa. Neno la kweli likitupwa kwa ghadhabu laweza kuvunja nyumba mbili kwa siku moja. Mzee mwema naye huegemea huku na huku: leo amkemea shemeji kwa tamaa yake, kesho amwonya mjane kwa ukali wa ulimi wake. Kwa macho ya jirani aweza kuonekana sawasawa na yule wa kwanza. Walakini siku yafika awakutanisha wote wawili shambani, naye aonyesha kwa mkono wake jiwe la mpaka, hata kama mmoja wao hatamsalimu tena. Hapo ndipo ilipokuwa ng'ambo yake.

Basi, tukisikia mtu asifiwa kwamba ajua kukaa kati ya watu, tusiridhike kutazama miguu yake ilivyo hodari. Tuulize anakwenda wapi, tena tuulize ni nani atakayeumia akikosea. Akiwa hana aendako, na maumivu yote ni ya wengine, huyo hakupanda kamba kamwe. Amesimama chini, juu ya mabega ya watu.