Lawama ya Mlinda Mlango

Liko swali ambalo vijana wetu wa Njombe na Makambako hulijadili kila umalizikapo mchezo wa mpira, wala hawafikiri ya kuwa ni swali la haki. Huulizana, "Bao lile lilikuwa kosa la nani?" Na jibu huja upesi mno: la mlinda mlango. Yafaa tulitazame jibu hilo polepole, maana katika wachezaji kumi na mmoja huyu ndiye ambaye kazi yake haionekani vema mpaka iharibike.

Mlango wenyewe una upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Penalti hupigwa kutoka mita 11, na mpira uliopigwa kwa nguvu hufika upesi hata mlinzi hana nafasi ya kuutazama kwanza ndipo aamue. Hana budi kuamua kabla hajajua.

Mwaka wa 2007 wataalamu wa Israeli walitoa habari za uchunguzi wao wa penalti 286. Waliona ya kuwa katika kila penalti 100 walinzi waliruka kulia au kushoto karibu mara 94, wakasimama katikati mara 6 tu. Ilhali mipira karibu 29 katika kila 100 ilipigwa katikati. Kwa hesabu yao, mlinzi asimamaye mahali pake angeokoa mipira mingi kuliko arukaye. Mbona basi huruka? Si kwa ujinga. Akiruka na mpira ukapita, watu husema, "Maskini, amejitahidi." Akisimama na mpira ukapita kando, husema, "Mtazameni mvivu huyu, hata hakutikisika!" Basi huchagua lile lisilomwaibisha, akaacha lile ambalo lingefaa timu yake. Hapo sisi watazamaji tumeingia uwanjani bila kujua, na kumvuta mkono.

Wala jambo hili si la mpira peke yake. Mkunga mwenye busara hujua saa ya kungoja, na kungoja kwake ni kazi. Lakini jamaa waliokaa nje hudhani amelala. Mwalimu anyamazaye amsikilize mtoto akisoma huonekana mvivu kuliko yule apigaye kelele tangu asubuhi. Lawama ya namna hii haimfundishi mtu kutenda vema, humfundisha kuonekana anatenda.

Mtu atanijibu, "Lakini huyu hulipwa mshahara, naye alipwaye hana budi kudaiwa." Kweli. Tumdai afanye mazoezi, asilewe, aje kwa wakati, asiuze mchezo kwa fedha. Auzaye mchezo ni mwizi, nami simtetei. Lakini mshahara haukununua ahadi ya kwamba hatashindwa kamwe. Mkulima wa viazi hapa Njombe, aliyepanda kwa majira akapalilia, kisha baridi kali ikaunguza majani, hatumwiti mzembe.

Huko Brazili alikuwako mlinzi Moacyr Barbosa. Tarehe 16 Julai 1950, katika mchezo wa mwisho wa Kombe la Dunia, Ghiggia wa Uruguay alikimbia upande wa kulia akampa mwenzake mpira, likawa bao. Baadaye akaja tena kwa njia ile ile. Barbosa akasogea kuuzuia mpira wa pasi, kama mtu mwenye akili afanyavyo aonapo jambo lile lile likirudi. Naye Ghiggia akapiga mwenyewe katika nafasi iliyobaki. Uruguay 2, Brazili 1. Barbosa alifariki mwaka wa 2000, na miaka hiyo yote alihesabiwa mwenye hatia. Hatia gani? Alifikiri vema, akashindwa.

Timu yetu ya Njombe Mji ilipanda Ligi Kuu mwaka wa 2017, ikashuka mwaka wa 2018 pamoja na Majimaji ya Songea. Michezo ilikuwa 30. Anayetaka kumtwika mtu mmoja anguko la michezo 30 ajihoji kwanza kama anatafuta kweli, au anatafuta mahali pa kutua uchungu wake.

Tumfikirie Juma Kaseja. Mwaka wa 2003, angali kijana, alilinda mlango wa Simba huko Cairo ilipowatoa kwa penalti Zamalek, mabingwa wa Afrika wa wakati ule. Nchi nzima ikamsifu. Mwaka wa 2013 Simba wakaachana naye, akaenda Yanga. Mwezi wa Desemba Simba wakaifunga Yanga mabao 3 kwa 1 katika mchezo wa kirafiki, yeye akiwa mlangoni, na lawama nyingi zikamwangukia. Baadaye akazichezea Mbeya City, Kagera Sugar na KMC, mbali na makelele ya Simba na Yanga, na wengi wakadhani habari zake zimekwisha. Mwaka wa 2019, mwenye umri wa miaka 34, akaitwa tena timu ya taifa. Mwezi wa Agosti Tanzania ikaitoa Kenya kwa penalti 4 kwa 1 huko Nairobi. Mwezi wa Septemba ikaitoa Burundi mjini Dar es Salaam kwa penalti 3 kwa 0. Mikono ilikuwa ile ile ya Cairo, na ile ile ya Desemba 2013.