Toa Majivu Kwanza

Somo: Mambo ya Walawi 6:8–13



Mwezi wa saba hapa Nakuru mnaujua. Asubuhi ya kongamano la akina mama niliingia jikoni hapa kanisani saa kumi na mbili kasorobo, nikakuta moshi umejaa hadi mlango wa pili hauonekani. Jiko letu la kuni, lile la matofali lenye chimni, lilikuwa limegoma. Chai ya watu mia mbili, na maji hayajapata hata uvuguvugu.

Nikafanya kile nilichokijua: nikaongeza kuni. Nilisukuma vipande vinne vya mkaratusi hadi mdomo wa jiko ukajaa, nikashika sahani nikapepea. Moshi ukazidi. Mama mmoja wa huduma ya jikoni, aliyekulia Elburgon na kupika kwa kuni maisha yake yote, akasogea karibu.

"Pasta, samahani. Toa hizo kuni. Hili jiko halina njaa. Halipumui."

Akazivuta nje, akabakisha mbili. Kimoja kati ya vile vyangu kilikuwa kibichi, kinatoa povu mwishoni. Hakukitupa, alikiegemeza kando ya jiko kikauke. (Kuhusu waumini wapya tunaowapa uongozi kabla hata miezi mitatu haijaisha, nitaandika siku nyingine. Lakini mmenielewa.) Kisha akachukua koleo, akaanza kutoa majivu chini ya vile vyuma vinavyobeba kuni. Karai moja ikajaa, ya pili ikafika nusu. Moto huvuta hewa kutoka chini, na pale chini hapakuwa na nafasi hata ya kupitisha kidole. Akagonga bomba la chimni, masizi yakamwagika. Akafungua dirisha tulilokuwa tumelifunga kwa sababu ya baridi, maana hewa haiwezi kupanda na chimni kama hakuna nyingine inayoingia. Mwisho akawasha gazeti akaliingiza pale bomba linapoanzia. Bomba likiwa baridi, hewa iliyomo ni nzito, inakaa kama kizibo na kurudisha moshi chumbani. Ilipopata joto ikapanda, na moto ukaanza kunguruma. Kwa kuni mbili!

Sasa fungua Walawi 6. Sisi Wapentekoste tunaupenda mstari wa 13, moto usizimike. Tunauhubiri, tunaruka. Lakini anza juu, mstari wa 10. Kuhani anavaa kitani, anaondoa majivu, anayaweka kando ya madhabahu. Anabadilisha mavazi, anayabeba mpaka nje ya kambi, mahali safi. Habari ya kuni za kila asubuhi inakuja baada ya hapo, mstari wa 12. Na anayebeba ni kuhani mwenyewe. Hakutumwa kijana wa usafi.

Halafu angalia, yale majivu si dhambi. Ni mabaki ya sadaka ambayo Mungu aliipokea jana. Kitu kilikuwa kizuri, kikawaka, na kilichobaki ni lazima mtu akitoe mbele ya watu. Kikiachwa pale kinaziba moto wa leo.

Niseme wazi sasa. Maombi yetu ya Jumatano yalikuwa na watu themanini na kitu. Mwezi uliopita nilihesabu kumi na tisa. Nikaongeza kesha la Ijumaa. Nikaongeza kufunga siku tatu. Nikahubiri juu ya uvuguvugu, na wengine wenu mlirudi nyumbani mkijiona ninyi ndio kuni mbichi. Nisameheni. Nilikuwa napepea na sahani.

Tangu Januari 2023 mmetoa fedha za paa. Wengine mliuza kondoo. Kuna mama aliniletea hela ya viazi ikiwa bado na udongo. Hizo ni sadaka, na ziliwaka. Lakini hesabu zake hazijasomwa hata mara moja, na mwenye jukumu hilo ni mimi, mtu mwenye shahada ya biashara ukutani. Mzee mmoja aliniuliza mara mbili. Mara ya kwanza nilimwambia tunaandaa. Mara ya pili nilimwambia tusiingize roho ya manung'uniko kanisani. Mzee wangu, ukisoma hii: hukuwa na roho yoyote mbaya. Ulikuwa unaniambia jiko halipumui.

Paulo, akibeba mchango wa makanisa, alihakikisha hakuna wa kumlaumu. Alitaka mambo yawe sawa mbele za Bwana na mbele za watu pia (2 Wakorintho 8:20–21). Mimi nilitegemea ile ya kwanza peke yake.

Kwa hiyo kesha la Ijumaa hii halipo. Laleni. Jumapili baada ya ibada ya pili nitasimama nisome kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki benki. Kuna malipo mawili ya fundi ambayo risiti zake nimezitafuta sijazipata, nayo nitayasoma. Vitabu vitakuwa mezani, kila mtu ashike aangalie. Maswali yaanze na yule mzee, kama atakubali.