Keki Isiyolika

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mjuzi wa yaliyo wazi na yaliyofichwa vifuani. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake wote.



Likizo iliyopita nilikuwa Buyenzi kwenye harusi ya jamaa yetu. Mbele ya ukumbi ilisimama keki ya ngazi tano, nyeupe pepe, imezungushiwa maua ya sukari kutoka chini hadi juu. Kila aliyeingia alipiga picha nayo kabla hata ya kuwasalimia wenye shughuli. Bwana na bibi harusi walipofika walikata kipande kwenye ngazi ya chini, wakalishana, vigelegele vikapigwa. Kisha keki ikabaki pale pale, na wageni tukaletewa soda na sambusa.

Kulikuwa na mtoto wa jirani, wa miaka sita hivi, ambaye hakuiondolea macho ile keki. Watu waliposhughulika na sahani zao alisogea, akaegemea meza, akaing'ata ngazi ya pili. Nilikuwa karibu naye. Aligeuka akanitazama, mdomo umejaa punje nyeupe, hajui ateme au ameze. Nikamkingia kiganja, akatema. Zilikuwa punje za lile povu gumu jeupe ambalo televisheni mpya hufungiwa nalo ndani ya boksi. Mama yake alikuja mbio akamzaba kofi kwa aibu. Mimi nilinyamaza, na kunyamaza kule bado kunaniuma, kwa sababu mtoto hakukosa. Aliona chakula kwenye karamu, akaamini ni chakula.

Niliporudi chuoni nilimsimulia kisa hiki dada mmoja tunayesoma naye hapa Kiriri. Nilidhani atacheka. Aliinamisha kichwa, akasema: "Kaka, keki hizo ndizo ninazotengeneza mimi. Ndizo zinazonilipia chumba na masomo. Sasa niambie, pesa yangu ni halali?"

Siku ile sikuwa na jibu. Makala haya ni jibu nililolitafuta, na nimelitafuta kwa ajili ya nafsi yangu kabla ya yake.

Kwanza nilimwomba anieleze kazi yenyewe, maana haifai mtu kuhukumu asichokijua. Povu hukatwa kwa duara, kubwa chini na dogo juu, likashikizwa kwa gundi na vijiti, kwa sababu ni jepesi mno. Karibu asilimia 98 yake ni hewa. Kingo husuguliwa kwa msasa, kwani kasoro ndogo ya chini itaonekana juu. Kisha hufunikwa fondanti, yaani kinyunya cha sukari kilichosukumwa kama chapati kubwa, na kupambwa maua yanayofinyangwa jani moja moja. Nyuma ya ngazi ya chini huachwa pengo, ndimo huwekwa kipande cha keki ya kweli cha kukatwa mbele ya kamera. Kama wenye harusi wana nia njema, keki nyingine zisizo na pambo hukatwa jikoni na wageni wakagawiwa. Wa harusi ile hawakuwa nazo.

Ndugu zangu, si kila chenye sura bila kiini ni uongo. Mwenye duka la simu hupanga maboksi matupu kwenye kabati la kioo, na mnunuzi anajua. Keki ya mfano dirishani kwa mwokaji ni hivyo hivyo: inasema, "hivi ndivyo niwezavyo kupamba." Hata Waingereza, mwaka 1940 wakati wa Vita Kuu ya Pili, walipopigwa marufuku kupaka sukari juu ya keki, walifunika vikeki vyao vidogo vya harusi kwa maganda ya karatasi ngumu yaliyopambwa. Dhiki ilikuwa ya wote, na kila mgeni alijua kilichomo. Ufundi wa mkono ni neema, na jasho la dada yetu ni jasho.

Lakini Mtume wetu (s.a.w.) alipita sokoni, akatia mkono wake ndani ya lundo la nafaka, vidole vikakuta unyevu. Alipomuuliza mwenye mali, yule alijitetea kwamba ni mvua. Mtume akamwuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu, watu waione, kisha akatangaza kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Kisa hiki kimo katika Sahihi Muslim, kutoka kwa Abu Huraira. Tazameni: hakumlaumu kwa mvua, wala hakukataza kuuza nafaka. Alilaumu sehemu ya juu kuisemea uongo sehemu ya chini.

Na Asma binti Abubakar (r.a.) amesimulia, katika Bukhari na Muslim, kwamba mwanamke mmoja alimwuliza Mtume kama ana kosa akijionyesha mbele ya mke mwenzake kuwa kapewa na mumewe asichopewa. Akajibiwa kwamba anayejishibisha kwa asichopewa ni kama aliyevaa nguo mbili za uongo. Hadithi hii, wallahi, inazigusa harusi zetu. Familia inakopa, michango inakusanywa kwa jamaa ambao nao wamekopa, ili ionekane tumeshiba. Nao majirani wakiona hivyo, kijana wao akitaka kuoa wanaona aibu kufanya pungufu. Hivyo keki moja ya povu inaweza kuahirisha ndoa tatu za halali.

Kuna na jambo la sukari. Sote tunajua sukari ya Moso inavyotafutwa mjini humu. Kuna siku mama anamtuma mtoto maduka matatu, naye anarudi na mfuko mtupu. Kilo kadhaa za kitu hicho kuzungushiwa povu, kisha kutupwa au kukaa kabatini, ni jambo la kujiuliza mbele ya Aliyewaita wabadhirifu ndugu wa mashetani (Suratul Israa, aya ya 27).

Linganisheni na walima wa Mtume (s.a.w.) alipomuoa Bibi Safiyya, njiani kutoka Khaybar. Anas bin Malik (r.a.) anasema hapakuwa na mkate wala nyama. Yalitandikwa matandiko ya ngozi, zikawekwa tende, jibini kavu na samli. Hakuna cha kupiga nacho picha pale, lakini kila kilichowekwa kililiwa, na kila aliyenyoosha mkono alipata.

Mimi si mufti. Swali la hukumu tulipeleke kwa masheikh wetu. Nilichoweza kumwambia dada yangu ni hiki: kama mteja anajua, na mgeni hadanganywi, na mlaji anapata cha kula, naona kazi yako iko karibu na halali. Ukisaidia kumfanya mtu aonekane kapewa asichopewa, jihadhari.

Sasa tuiache keki ya dada yetu, tujitazame sisi.

Katika Suratul Munafiqun, aya ya 4, Mwenyezi Mungu anawaeleza watu ambao ukiwaona miili yao inakupendeza, na wakisema unawasikiliza, kumbe ni kama magogo yaliyoegemezwa ukutani. Wazee wetu nao wakasema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Gogo lililoegemezwa halibebi paa wala halizai tunda.

Je, mimi na wewe hatumo? Kuna memwari iliyojaladiwa vizuri, kurasa mia, na mwandishi wake hawezi kueleza sura ya pili bila kufungua simu. Kesho huyo huyo atasaini mchoro wa daraja au karatasi ya dawa. Kuna swala inayorefuka mtu wa tatu akiingia msikitini. Kuna anayeweka aya kwenye status ya WhatsApp kila alfajiri, na alfajiri yenyewe hakuiswali. Siku ya Kiyama, tunaambiwa katika Suratul Furqan, aya ya 23, matendo ya waliokataa haki yatageuzwa vumbi lililotawanyika. Muumini anayesikia hivyo huogopa amali yake isije ikawa asilimia 98 hewa.

Lakini linalonitisha zaidi ni yule mtoto. Sisi tunaovaa kofia na buibui katika kilima hiki, tunaoongoza darsa na kuandika magazetini, ni keki iliyowekwa mbele ya ukumbi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anakuja kutoka mkoani, hana jamaa mjini, hajala tangu jana, au imani yake imeyumba. Anaona sura yetu ya dini, anaamini kuna chakula. Siku atakapotusogelea na kung'ata, atakuta nini? Akikuta povu, hatatuacha sisi tu. Huenda akaiogopa meza yote.

Kwa hiyo ndugu zangu, tufanye mambo machache. Kila mmoja awe na ibada moja ambayo hakuna anayeijua isipokuwa Mola wake. Mwenye kujua kidogo aseme anajua kidogo. Anayekaribia kuoa akae na mchumba wake wahesabu midomo itakayokula kabla ya kuhesabu ngazi za keki. Na ukimkuta mtu kadanganyika kwa sura yako, usinyamaze kama nilivyonyamaza mimi. Mkingie kiganja, kisha mtafutie chakula cha kweli.

Dada yetu bado anafinyanga maua yake. Ila sasa kila mteja humwuliza, "Nani atakula?" na hakubali kazi ya povu bila kuoka na keki ya wageni. Ameniambia wateja wawili wameondoka, mmoja amebaki. Kodi ya mwezi huu imempa shida. Muombeeni.

Ewe Mwenyezi Mungu, ifanye siri yetu iwe bora kuliko dhahiri yetu, na dhahiri yetu uifanye njema. Tukinge na riya katika ibada na katika karamu zetu. Mruzuku dada yetu na kila mwenye kuacha kitu kwa ajili Yako kilicho bora kuliko alichokiacha. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.